Namna ya kujijenga kitaaluma katika fizikia ya leza na plazima
Katika shahada ya kwanza, tilia mkazo hisabati na sumakuumeme, kwa kuwa plazima, yaani gesi ambayo atomu zake zimepoteza elektroni, haieleweki bila hizo. Ukifika uzamivu, chagua msimamizi kabla ya jina la chuo: anayekuachia upange vioo na lenzi kwa mikono yako ndiye atakayekufanya mtafiti. Donna Strickland alikuwa bado mwanafunzi huko Rochester, Marekani, mwaka 1985, yeye na msimamizi wake, Gérard Mourou, walipochapisha mbinu ya kurefusha mpigo wa leza (mmweko mfupi sana wa mwanga), kuukuza, kisha kuubana, ili usiharibu kikuzaji chenyewe. Tuzo ya Nobeli ilifuata mwaka 2018. Baadaye fanya utafiti katika maabara nyingine, uchapishe, ndipo uombe uhadhiri.