Kuandaa Harusi ya Wageni 150 kwenye Shamba la Mlimani Lushoto

Kamati ya harusi ikija shambani huuliza kwanza mapambo na bei. Wewe mwenye shamba anza na barabara. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kupanda kwa kona, na basi kubwa likishaacha lami kuingia njia ya shamba mara nyingi hukosa pa kugeuzia. Sisitiza Coaster, na kagua sehemu ya kugeuzia kabla hujapokea malipo ya awali. Wageni wa Dar es Salaam wafike siku moja kabla.

Masika, Machi hadi Mei, usipokee sherehe ya nje hata wakikubembeleza. Juni hadi Agosti mvua hupungua ila baridi ni kali, na anayetoka kwenye joto la Mombo huja na nguo nyepesi: kadi ya mwaliko iseme wazi, "njoo na sweta".

Turubai lisimame kwenye tuta pana. Usawa wa ardhi upime kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojaa maji: maji ya ncha zote mbili hukaa kimo kimoja, kwa hiyo tofauti ya urefu kutoka maji hadi ardhi ndiyo mteremko wako. Upande wa juu chimba mfereji wa sentimita 30, uyatoe maji pembeni, si kwenye shamba la jirani. Vigingi vifupi hung'oka udongo ukilowa. Tumia vya sentimita 60, vimeinamia mbali na hema. Njia za kupita mwaga maranda kutoka viwanda vya mbao. Nyasi peke yake, zikikanyagwa na watu 150, ni tope ndani ya saa moja, na viatu vya visigino huzama.

Maji piga hesabu hivi: wageni 150, kila mmoja aende chooni mara tatu, lita 8 kila mara, ni lita 3,600. Ongeza 1,000 za jikoni. Tangi la lita 5,000 lijae tangu jana yake, likae mita 10 juu ya vyoo, na hutahitaji pampu umeme ukikatika. Vyoo visipungue sita, vinne vya wanawake. Foleni ndefu huwa upande wao.

Jikoni mlima una kanuni zake. Kwenye mita 1,400 hivi maji huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo maharage yaloweke usiku kucha na uyape muda zaidi motoni. Pilau ya watu 150 ni kilo 18 za mchele na kilo 25 za nyama. Sufuria zifunikwe sawasawa, mkaa juu ya mfuniko, maana upepo hupoza upande mmoja na wali ukatoka kiini.

Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe kwenye hema lililofungwa wala chumba cha kulala. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini. Gawa mablanketi.

Muziki husikika ng'ambo ya bonde, hivyo mwone mwenyekiti wa kijiji mapema mkubaliane saa ya kuzima. Ibada ianze saa sita, chakula saa nane, na wasiolala waondoke saa kumi na moja kabla giza na ukungu havijakutana barabarani. Madereva washuke kwa gia ndogo. Anayetegemea breki tupu hufika Soni, mji mdogo ulio njiani kushuka Mombo, zimeshapata moto.