Wale wa teksi za apu hapa Mombasa, angalieni bima yenu kabla hamjawasha simu

Jamani madereva wenzangu, kuna hili jambo naona wengi wanalipuuza. Ukiwa na bima ya gari ya praiveti halafu unabeba abiria wa kulipa, hata kama ni Nyali mpaka Likoni feri tu, siku ukigonga kampuni ina haki ya kukataa kulipa kwa sababu kwenye karatasi umeandika matumizi ya binafsi. Na apu kuwa imezimwa haikusaidii sana, abiria wa kulipa ni abiria wa kulipa. Unataka ile ya PSV, yaani ya gari la kubeba abiria wa kulipa, ni ghali zaidi, najua, inauma.

Halafu usichanganye thadi pati na komprihensivu. Thadi pati inamlipa uliyemgonga, gari lako unalitengeneza mwenyewe. Ukichukua komprihensivu, ile inayolipia na gari lako, uliza ekses ni ngapi, yaani ile pesa utakayotoa wewe mfukoni kabla kampuni haijatoa yake, maana wengi wanaijua siku wako gereji tayari bampa imelala chini, na hapo kelele haisaidii. Uliza pia kama dereva mwingine akishika usukani usiku kova inafanya kazi, hasa kama gari ni la bosi na mnabadilishana. Vurugu za maandamano mara nyingi hazimo, zinaongezwa kando kwa malipo.

Ajenti akikwambia "usijali kaka, imo yote," mwambie akuonyeshe ukurasa.