Namna ya Kununua Manukato ya Ubani Ukiwa Safarini Nje ya Nchi

Manukato yenye msingi wa ubani humdai mnunuzi muda zaidi kuliko fedha, na muda ndio ambao msafiri huwa hana. Kwa hiyo siku ya kujaribu na siku ya kununua zisiwe moja. Ingia dukani mapema katika safari yako, ujipulizie kidogo, uondoke, kisha urudi siku nyingine ukiwa umekwisha kukaa na harufu hiyo tangu asubuhi hadi usiku.

Sababu imo katika ubani wenyewe. Ubani ni utomvu uliokauka wa miti ya jenasi ya Boswellia, ambayo huota Oman, Yemen, Somalia, Ethiopia, Sudan na India. Unapopitishiwa mvuke ili kupata mafuta yake, vinavyotoka kwa wingi ni viambato vyepesi kama pineni na limonini, vinavyonukia msonobari na maganda ya limau. Hivyo ndivyo vinavyokupokea mara tu unapojipulizia, na ndivyo vinavyotoweka kwanza. Wengi hukata tamaa hapo, kwa kuwa walitarajia moshi, ilhali mafuta ya ubani peke yake hayana moshi: mtengenezaji huuongeza kwa viambato vingine, kama vile lami ya miti iliyounguzwa. Kabla ya kumuuliza muuzaji lolote, jiulize unautaka ubani upi, ule ulio kavu kiganjani au ule uliokwisha kuwekwa juu ya kaa la moto. Ukimweleza hivyo, atakuelewa haraka kuliko ukitaja jina la uvumba tu, maana neno hilo hubandikwa pia kwenye chupa ambazo ndani yake umetawala utamu wa vanila na ubani ni wa kutafuta. Ukipenda uchungu wa dawa, omba yenye manemane. Ukipenda mti mzito uliokolea, omba yenye udi.

Usijaribu siku unayoshuka kwenye ndege, kwa sababu hewa kavu ya safari hukausha pua na kupunguza uwezo wake wa kunusa. Anza na karatasi za kujaribia, zisizidi tatu au nne, na uandike jina la manukato juu ya kila moja, la sivyo jioni utabaki na vipande usivyovitambua. Kisha chagua mawili tu, moja kwa kila mkono. Kama dukani humo kunafukizwa uvumba, toka nje kabla ya kutoa hukumu, kwani pua iliyozoea moshi haiwezi kuupima. Nusa tena baada ya robo saa, baada ya saa mbili, na kabla ya kulala. Mimi huiamini zaidi harufu inayobaki kwenye mkono wa nguo kesho yake asubuhi. Kumbuka vilevile hali ya hewa ya huko utakakoyatumia, maana joto huharakisha manukato kuruka na kuyafanya yaenee kwa nguvu, na yale yaliyokuwa matulivu penye baridi yanaweza kulemea penye jua kali.

Ikiwa bado una shaka, omba kichupa cha majaribio cha mililita 1 au 2 badala ya kujilazimisha. Ukiamua kununua, hakikisha kwamba namba ya toleo iliyo kwenye boksi inalingana na ile iliyo chini ya chupa, na utunze risiti.

Kusafirisha kuna masharti yake. Katika viwanja vingi vya ndege, chupa iliyo kwenye mzigo wa mkononi haitakiwi kuzidi mililita 100. Kwa kawaida, katika mzigo unaokabidhiwa, kila chupa isizidi mililita 500, na jumla ya manukato na vipodozi vyako isizidi lita 2. Manukato yaliyonunuliwa katika duka lisilotoza ushuru yaache ndani ya mfuko uliofungwa rasmi, pamoja na risiti yake, mpaka umalize kubadilisha ndege zote.

Udi unahitaji uangalifu wa ziada. Miti yake, ya jenasi za Aquilaria na Gyrinops, inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Msafiri kwa kawaida huruhusiwa kubeba bila kibali, kwa matumizi yake mwenyewe, hadi kilo 1 ya vipande na mililita 24 za mafuta, lakini baadhi ya nchi zina masharti makali zaidi. Waulize maofisa wa forodha wa nchi unakotoka na unakokwenda kabla hujalipa.