Soma msimbo wa globu kabla ya kununua taa ya ukungu

Juzi nilipokuwa nikibadilisha globu ya taa ya ukungu nilijifunza kwamba jina la gari na mwaka wake havitoshi, kwa kuwa toleo moja la gari laweza kuwa na aina tofauti za taa. Chomoa globu iliyoungua, taa ikiwa imezimwa na kupoa, kisha usome msimbo ulioandikwa kwenye kitako chake, kama vile H8, H11 au H16, pamoja na volti na wati. Msimbo huo ndio unaoeleza umbo la kitako, mahali unapokaa uzi unaowaka ndani ya globu na kiasi cha joto: H8 hutumia wati 35, ilhali H11, inayofanana nayo sana kwa macho, hutumia wati 55 na inaweza kuyeyusha kasha la taa lisilostahimili joto hilo. Njia hii hushindwa iwapo aliyetangulia alifunga globu isiyo sahihi. Kwa hiyo linganisha na kitabu cha gari au maandishi yaliyo kwenye taa yenyewe. Taa za LED zilizojengewa ndani, zisizo na globu ya kuchomoa, kwa kawaida hubadilishwa nzima.