Kupima na kusoma uwiano wa asidi na besi kwenye damu

Vipimo vya asidi ya damu huharibika mara nyingi kabla sampuli haijafika kwenye mashine, na joto la Mtwara na Lindi huongeza tatizo. Kwa hiyo anza na sirinji.

Damu hutolewa kwenye ateri ya kifundo cha mkono. Heparini ya maji (dawa ya kuzuia damu kuganda) ilowanishe tu kuta za sirinji, kisha imwage yote: ikibaki nyingi, hewa ukaa na bikaboneti (besi inayopunguza makali ya asidi kwenye damu) vitasomeka chini kuliko hali halisi. Toa mapovu papo hapo, funga kizibo, viringisha sirinji taratibu viganjani. Bana palipochomwa dakika 5, au zaidi kama mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Sampuli ipimwe ndani ya dakika 30. Chembe za damu zingali hai. Zinakula sukari na kutoa asidi, na kwenye joto hufanya hivyo haraka zaidi. Sirinji iliyosahaulika dirishani penye jua huonyesha asidi ambayo mgonjwa hana.

Soma pH, yaani kipimo cha asidi, kwanza: kawaida ni 7.35 hadi 7.45. Ikishuka, asidi imezidi; tafuta chanzo. Hewa ukaa (35–45 mmHg) ikipanda, tatizo liko kwenye upumuaji. Bikaboneti (22–26 mmol/L) ikishuka, asidi imetoka kwingine mwilini.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mgonjwa anapopotea. Bikaboneti ikiwa imeshuka, izidishe kwa 1.5, jumlisha 8: hiyo ndiyo hewa ukaa inayotarajiwa, tofauti isizidi 2. Mgonjwa wa kisukari mwenye bikaboneti 10 anatarajiwa kuwa na 23. Ukikuta 32, mapafu yameshaelemewa. Mwite daktari sasa hivi.

Kisha chukua sodiamu, toa kloridi (zote ni chumvi za damu) na bikaboneti. Kawaida ni 8–12. Sodiamu 136, kloridi 100, bikaboneti 10 inabaki 26: fikiria ketoni (asidi zinazotokana na mafuta kuunguzwa mwilini, kama kwenye kisukari), asidi laktiki (ya misuli na viungo vilivyokosa oksijeni), figo kushindwa au sumu. Kwa aliyeharisha sana jibu la hesabu hii huwa la kawaida, kwani bikaboneti imetoka na choo na kloridi imepanda.

Zahanati isiyo na mashine, iwe Liwale au Nanyumbu, ihesabu pumzi dakika nzima. Pumzi nzito za haraka, kifua kikisikika safi, zinaashiria asidi. Pima sukari na ketoni za mkojo, panga rufaa mapema, na uandike idadi ya pumzi na saa. Pumzi zikipungua njiani huku mgonjwa akizidi kulegea, amechoka na anahitaji kusaidiwa kupumua.