Dawa Ukiwa Mjamzito na Ukiwa Unanyonyesha: Hatua kwa Hatua, Kutoka Kliniki ya Mama na Mtoto

Mimi ni muuguzi mkunga, nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto, Tanzania Bara. Kuna akina mama wanaomeza chochote wanachopewa dukani, na kuna wanaoacha dawa zote siku wanapogundua wana mimba, hata zile za presha, kifafa au sukari. Wote hufanya hivyo wakimtakia mtoto mema. Hawa wa pili ndio wanaonitia hofu zaidi. Mama akianguka kifafa, au sukari yake ikipanda wiki za mwanzo, mtoto anaumia hata kama mama hakumeza kidonge hata kimoja.

Mwongozo huu haukai mahali pa daktari wako. Unakusaidia kufika kwake ukiwa umejiandaa. Majina ya dawa nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye pakiti ili uweze kuyalinganisha.

Hatua ya 1: Weka kila unachotumia kwenye mfuko mmoja

Nikisema kila unachotumia, sisemi vidonge peke yake. Weka dawa ya maji ya kikohozi, sindano ya uzazi wa mpango uliyochoma mwisho (andika tarehe), dawa za mitishamba, mafuta ya kupaka, na ule udongo wa pemba ulioufunga kwenye leso. Njoo na mfuko huo siku ya kwanza ya kliniki.

Udongo naomba tuuongelee bila aibu, maana hamu yake ni ya kweli na inawapata wengi. Shida ni kwamba unaweza kuwa na mayai ya minyoo na madini ya risasi, tena hunasa madini ya chuma tumboni, hivyo vidonge vyako vya damu vinapita bure. Mara nyingi mama mwenye hamu kali ya udongo tukimpima tunakuta damu ni kidogo. Kwa hiyo tuambie, tupime damu.

Mkorogo nao uweke mezani. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina zebaki au hydroquinone, na vitu hivi hupenya ngozi hadi kwenye damu. Zebaki huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Hii acha leo, usisubiri kuuliza.

Hatua ya 2: Jua mimba ina wiki ngapi

Hesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ukiwa huikumbuki, omba ultrasaundi mapema. Usalama wa dawa hutegemea sana umri wa mimba: moyo, uti wa mgongo na viungo vya mtoto huumbika zaidi katika wiki 8 za kwanza tangu mimba kutungwa, wakati ambao akina mama wengi hawajafika kliniki. Ndiyo maana mwanamke mwenye ugonjwa wa kudumu anatakiwa aonane na daktari kabla ya kushika mimba, aanze na folic acid mapema. Kama mimba imekuja bila kupangwa, njoo wiki hiyohiyo. Usingoje tumbo lionekane.

Hatua ya 3: Ugonjwa wa kudumu usiuachie dawa, ubadilishiwe dawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo maisha yanapopotea.

Presha kwanza. Dawa zinazotumika sana kwa watu wazima, kama losartan, enalapril, lisinopril na captopril, hazifai kwa mjamzito. Huharibu figo za mtoto na kupunguza maji ya chupa ya uzazi. Ukizikuta kwenye pakiti yako, usikae nyumbani bila dawa mwezi mzima ukisubiri miadi. Nenda kituoni siku hiyo au kesho yake, ubadilishiwe methyldopa, nifedipine ya muda mrefu au labetalol. Ukiwa na hatari kubwa ya kifafa cha mimba, kwa mfano kilikupata mimba iliyopita, au unabeba mapacha huku una ugonjwa wa figo, daktari anaweza kukuanzishia aspirini ndogo ya 75 mg kuanzia wiki ya 12. Hiyo ni dozi ya kinga. Usiichanganye na aspirini ya maumivu, ambayo ni kubwa mara nyingi zaidi.

Kifafa. Dawa ninayoiogopa kuliko zote hapa ni sodium valproate. Takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro ya maumbile, mojawapo ikiwa mgongo wazi, na wengine wengi huchelewa kujifunza na kuongea. Msichana au mwanamke yeyote anayeitumia anastahili kuambiwa hivyo kabla hajashika mimba, na mume aliyekaa naye kwenye benchi asikie pia. Lamotrigine na levetiracetam ni salama zaidi. Lakini sikiliza vizuri: usiikate valproate ghafla mwenyewe. Degedege mfululizo linaweza kukuua wewe na mtoto. Kubadilisha ni kazi ya daktari, taratibu, ukiwa unafuatiliwa.

Kisukari. Insulini haivuki kondo la nyuma, ndiyo maana tunaitumaini, na metformin nayo hutumika. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, isigande. Kama huna friji, chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga mbichi, kivulini, hupunguza joto vizuri kuliko kabati la chumbani. Mahitaji ya insulini hupanda kadiri mimba inavyokua, kwa hiyo dozi ya mwezi wa tatu usitarajie itakutosha mwezi wa nane. Baada ya kujifungua hushuka ghafla, na ukiendelea na dozi ya mimba sukari itakuanguka.

VVU. Endelea na dawa zako bila kuruka siku hata moja. Virusi vikifubaa, mtoto analindwa tumboni, wakati wa uchungu na kwenye ziwa.

Pumu: dawa za kuvuta, salbutamol na beclomethasone, endelea nazo. Mama anayekosa pumzi, mtoto naye anakosa oksijeni. Kifua kikuu kinatibiwa wakati wa mimba kwa vidonge vilevile vya kawaida. Dawa ya kuepuka ni sindano ya streptomycin, kwa sababu inaweza kumtia mtoto uziwi. Mwenye selimundu anayetumia hydroxyurea amwone daktari wake mara moja, kwa kawaida husimamishwa.

Hatua ya 4: Panga saa za dawa za kliniki

Vidonge vya damu (madini ya chuma pamoja na folic acid) meza kila siku, na tunda lenye uchachu kama chungwa ukilipata. Chai na kahawa viwe mbali, angalau saa moja au mbili, maana huzuia chuma kuingia mwilini. Kama vinakutibua tumbo, meza usiku ukienda kulala. Choo kikiwa cheusi usishtuke. Dawa ya kiungulia ya kutafuna nayo itenge kwa saa 2.

SP, dawa ya kukinga malaria, ile ya vidonge 3 unavyomeza palepale mbele ya muuguzi, huanza miezi mitatu ya kwanza ikiisha, kisha kila mwezi hadi kujifungua. Upate walau mara 3. Hata kama hujala, unaweza kumeza. Kuna mambo mawili ya kumkumbusha muuguzi kabla hujaweka mdomoni: kama unatumia septrin kila siku, SP haikuhusu, na kama unatumia folic acid ya 5 mg, mwambie, kwa sababu dozi hiyo kubwa hupunguza nguvu ya SP. Ile ndogo iliyo ndani ya vidonge vya damu haina shida.

Hili wengi hawaambiwi: kama unatumia TLD, kidonge cha VVU, ndani yake kuna dolutegravir, na madini ya chuma au kalisiamu huishika isiingie mwilini vizuri. Ama meza zote pamoja na chakula, ama meza TLD saa 2 kabla ya vidonge vya damu. Mama wa chai ya asubuhi namshauri hivi: TLD usiku kwa saa yake ileile, vidonge vya damu mchana baada ya chakula.

Hatua ya 5: Ukiwa dukani, sema kabla hujaulizwa

Sentensi ya kwanza dukani iwe: "Nina mimba ya miezi minne," au "Nanyonyesha mtoto wa wiki tatu." Tumbo la miezi minne ndani ya kanga halionekani.

Kisha geuza karatasi ya vidonge. Upande wa nyuma, wenye rangi ya fedha, kuna jina kubwa la kibiashara, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina halisi la dawa na uzito wake. Hilo dogo ndilo la kusoma. Vidonge vingi vya maumivu vyenye majina ya kuvutia ni paracetamol iliyochanganywa na diclofenac au ibuprofen. Paracetamol inafaa, usizidishe vidonge 8 vya 500 mg kwa siku. Diclofenac na ibuprofen ziepuke, hasa kuanzia wiki ya 20, kwani hupunguza maji ya uzazi, na kuelekea mwisho wa mimba zinaweza kufunga mapema mshipa wa moyo ambao mtoto bado anautegemea.

Muuza dawa akikukatia vidonge vinne na kuvitia kwenye bahasha isiyo na maandishi, mwambie kwa upole, "Naomba uniandikie jina." Hata akikunja uso. Bahasha tupu haitatusaidia chochote ukipata shida usiku.

Antibiotiki usinunue kwa kukisia kuwa ni UTI. Pima mkojo. Amoxicillin na erythromycin zina historia ndefu ya kutumika kwa wajawazito. Doxycycline hubadilisha rangi ya meno ya mtoto, na ciprofloxacin tunaiepuka. Fangasi za ukeni zinatibiwa kwa clotrimazole ya kuweka ukeni, achana na fluconazole ya kumeza. Dawa za minyoo zisubiri miezi mitatu ya kwanza ipite.

Hatua ya 6: Homa ni kupima, siku hiyohiyo

Malaria kwa mjamzito haina subira. Kipimo kikionyesha, dawa ya mseto (artemether na lumefantrine) ndiyo inayotumika, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeipendekeza hata kwa miezi mitatu ya kwanza, ambako zamani tulitoa kwinini. Ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili ikifuata saa 8 baada ya ya kwanza. Meza na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, maana bila mafuta dawa haiingii vizuri. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha njoo upewe ya kujazia.

Hatua ya 7: Uchungu usiuharakishe

Bibi na mama mkwe wanatoa dawa za kuongeza uchungu kwa nia njema, na najua kukataa mbele yao ni kugumu. Kwa mimea mingi ya aina hii hakuna anayejua ni nguvu kiasi gani imo kwenye kikombe. Mji wa mimba ukikaza kupita kiasi mtoto hukosa hewa, na wakati mwingine mji wenyewe hupasuka, hasa kwa mama aliyewahi kupasuliwa. Kama umeshakunywa, tuambie ukifika mlangoni. Hatutakugombeza, tutabadilisha namna ya kukuangalia. Na mkunga akikugombeza, bado sema.

Hatua ya 8: Mtoto akizaliwa, orodha inaanza upya

Dawa nyingi hupita kwenye maziwa kidogo sana, na kumwachisha mtoto ziwa kwa sababu ya dawa si lazima mara nyingi kama watu wanavyodhani. Baadhi ya makatazo hata hugeuka: ibuprofen uliyonyimwa ukiwa mjamzito sasa inafaa kwa maumivu ya mshono, na enalapril au captopril zinaweza kurudi kwa presha. Methyldopa mara nyingi hubadilishwa, maana inaweza kumzidishia huzuni mama aliyetoka kujifungua. Dawa za kifua kikuu endelea na unyonyeshe. Ya VVU pia, huku mtoto akipewa dawa yake ya kinga kama ulivyoelekezwa.

Za kukaa nazo mbali: codeine (tafuta jina hilo kwenye dawa za kikohozi) na tramadol. Miili ya baadhi ya akina mama huzigeuza kwa kasi, na mtoto anaweza kulala hadi kupumua kwa shida. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine hupunguza maziwa. Uzazi wa mpango, chagua vidonge vya kichocheo kimoja, kijiti au kitanzi. Vile vyenye vichocheo viwili visubiri miezi 6.

Kama dawa ni ya mara moja kwa siku, meza mara tu mtoto akimaliza kunyonya na kuingia kwenye usingizi wake mrefu. Mtoto chini ya miezi 2, njiti, au mwenye macho ya manjano anahitaji uangalifu zaidi, kwa hiyo mtaje kwa daktari kabla hajakuandikia.

Hatua ya 9: Haya usiyasubirishe miadi

Kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu, maumivu chini ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla, degedege, kutokwa damu, homa kali, mtoto kupunguza kucheza. Hatari ya presha haiishi siku ya kujifungua. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata ndani ya wiki 6 baadaye, kwa hiyo waambie wanaokulea pale nyumbani wazijue dalili hizi.

Kwa mtoto anayenyonya: analala hata njaa haimwamshi, analegea, ananyonya kwa shida, amepata vipele au anaharisha baada ya wewe kuanza dawa mpya. Anayelala kupita kiasi au kupumua kwa shida apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Nenda na pakiti, sema uliimeza lini na mara ngapi. Ukiwa hapo, mwombe mfamasia ajaze fomu ya taarifa ya madhara ya dawa kwenda TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kwa Kenya, ni Bodi ya Famasia na Sumu. Mgonjwa mwenyewe naye anaruhusiwa kutoa taarifa.