Makundi ya Lie: anzia kwenye matriki

Vitabu vingi vya makundi ya Lie, yaani makundi ya mageuzo yanayobadilika kwa mwendelezo kama mizunguko, hufungua kwa sura ndefu ya manifoldi, yaani nafasi zilizopinda ambazo kwa karibu huonekana bapa. Mara ya kwanza, iruke. Utairudia ukiwa na mifano mkononi. Kuanza kunahitaji kujua kuzidisha matriki na kalkulasi ya kawaida, basi.

Hatua ya 1: Maliza mduara. Andika matriki inayozungusha bapa kwa pembe t: mstari wa juu cos t, −sin t; wa chini sin t, cos t. Tafuta kasi ya badiliko ya kila kipengele, kisha weka t = 0. Unabaki na J: juu 0, −1, chini 1, 0. Usifungue ukurasa unaofuata kabla hujakokotoa J² kwa mkono wako. Ni −I, I ikiwa matriki ya utambulisho (1 kwenye ulalo, 0 kwingine). Sasa andika I + tJ + t²J²/2 + t³J³/6 na kuendelea (mfululizo huu ndio eksponensheli ya tJ), halafu tenga vya I na vya J. Cos t inajikusanya huku, sin t kule, na ile matriki ya mwanzo inarudi nzima! Hiki ndicho alichokifuata Sophus Lie, Mnorwei, tangu miaka ya 1870: kundi lililopinda husomwa kupitia mwendo mdogo kabisa wa kutoka I.

Hatua ya 2: Panda vipimo vitatu. Matriki ya mzunguko ikizidishwa na mpinduo wake (mistari ikigeuzwa kuwa safu wima) hutoa I. Weka A = I + sX, s ikiwa namba ndogo sana, tupa s², na utaona mpinduo wa X lazima uwe −X. Zinabaki namba huru tatu, moja kwa kila mhimili.

Sasa funga kitabu chenyewe. Kizungushe nyuzi 90 kwenye mhimili wa x, kisha wa z. Kirudishe, uanze na z. Safari hii kimelala vingine. Mabano XY − YX hupima tofauti hiyo mizunguko ikiwa midogo sana. Kwa matriki tatu za mihimili, mabano ya x na y hutoa z. Ziandike zote tatu kwenye karatasi ya pembeni na uziache hapo wiki nzima, maana alama moja ya kutoa ikipotea, kila kitu kinachofuata kinaharibika.

Hatua ya 3: Linganisha na SU(2), kundi la matriki 2×2 za namba changamano zenye ditaminanti 1 ambazo zikizidishwa na mpinduo wake wenye konjugeti hutoa I. Mabano ni yaleyale, lakini mzunguko wa nyuzi 360 unakufikisha −I. Mpaka 720 ndipo unarudi I. Kwa hiyo aljebra (matriki kama X pamoja na mabano yake) peke yake haitoshi kulitambua kundi.

Hatua ya 4: Tafuta mahali njia inapokatika. Chukua matriki yenye −2 na −1/2 kwenye ulalo, sufuri kwingine. Ditaminanti yake ni 1, ila hakuna matriki ya namba halisi ambayo eksponensheli yake ni hiyo. Thibitisha mwenyewe, hata ikichukua siku mbili. Ukishaweza, rudi kwenye ile sura ya manifoldi.